Tuzo Iwe Kazi: Mwongozo Kamili wa Kuwatambua Wasanii wa Jamii na Kuwainua Wakimbizi Wanaoanza Upya

Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, hema hupigwa, viti vya plastiki hupangwa, na wasanii huitwa kutumbuiza. Wapiga ngoma wa Burundi hutoa jasho, kwaya ya Wakongo huimba, vijana wa Sudan Kusini huruka hadi vumbi likatimka. Mgeni rasmi husoma hotuba. Jioni msanii hurudi kwake na fulana, soda na pengine cheti. Kesho yake hana nauli wala ala yake mwenyewe, na watoto anaowafundisha bure kila Jumamosi bado wanamngoja.

Mwongozo huu umeandikiwa wanaotaka kufanya zaidi ya hapo: kikundi cha vijana, kanisa, msikiti, chama cha akina mama, shirika dogo, au jamaa walio ughaibuni wanaochanga kwa ajili ya walikotoka. Nimeuandika nikiangalia zaidi kambi ya wakimbizi ya Kakuma na makazi ya jirani ya Kalobeyei katika Kaunti ya Turkana, na mitaa ya Nairobi wanakoishi wakimbizi wengi, kama Eastleigh, Kayole na Githurai. Sheria nitakazozitaja ni za Kenya. Aliye Kigoma, Tanzania, au Nakivale, Uganda, atatumia hatua zile zile, ila aulize sheria za kwake.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinautegemea: tuzo ya msanii wa jamii ihesabiwe kwa kazi yenye malipo inayomletea, na kwa idadi ya wageni waliofika juzi mikono mitupu ambao msanii huyo atawavuta pamoja naye. Tuzo isiyofanya hayo mawili ni sherehe. Sherehe ni nzuri, lakini haianzishi maisha ya mtu.

Mfano ninaourudia mara kwa mara uko Malawi. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao elfu 10, leo ina zaidi ya elfu 50, na kwa kuwa wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, Kiswahili kinasikika kila kona. Mwaka 2014 mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Menes la Plume, alianzisha hapo Tamasha la Tumaini. Wasanii wa Malawi na wa kambini hupanda jukwaa moja, na wageni kutoka mijini hulala katika nyumba za wakimbizi. Malawi iliposaini Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, kwa hiyo kupata kazi rasmi ni vigumu sana kwa mkimbizi wa Dzaleka. Lakini siku za tamasha, mama anayepika, kijana anayefunga spika na familia inayolaza wageni wote hupata kitu mfukoni. Mkimbizi ndiye mwenyeji, na Mmalawi ndiye mgeni anayekaribishwa.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnamtafuta nani

Msanii maarufu na msanii wa jamii wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini si lazima. Kabla ya kutangaza lolote, kaeni mjibu maswali matatu kwa maandishi. Mtu huyu akihama kesho, nani atakosa kitu, na atakosa nini hasa? Nani amejifunza kazi kwake? Anaishi kwa kipato gani, na ni nani anayeamua aimbe au achore nini?

Swali la tatu ndilo linalomtenga msanii wa kujitegemea. Kambini kuna wasanii wanaolipwa na mashirika waimbe juu ya kunawa mikono au chanjo. Kazi hiyo ina heshima yake na isiwe sababu ya kumwondoa mtu. Ila tazameni anachokifanya nje ya saa hizo, pale ambapo hakuna aliyemtuma.

Panueni maana ya sanaa mapema, la sivyo mtajikuta mmewapa tuzo marapa watano. Mama wa Kisomali anayetunga na kuimba buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, harusini ni msanii. Vivyo hivyo mchoraji wa mabango ya vinyozi, mpaka hina, msusi, fundi anayeshona mavazi ya ngoma, na kijana mwenye kompyuta moja na paneli ya sola anayerekodi nyimbo za mtaa mzima chumbani kwake. Upande wa wenyeji kuna wanawake wa Kiturkana wanaosuka vikapu vya ukindu wa mkoma na kutunga shanga. Wenyeji hawa wahesabiwe tangu mwanzo. Turkana ni kame, kuni na maji hugombewa, na tuzo inayowapita Waturkana itasomwa kuwa ni zawadi nyingine ya kambini. Kalobeyei yenyewe ilipangwa tangu awali wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja. Tuzo yenu ifuate mkondo huo.

Msizidishe tuzo nne. Tuzo kumi ndogo hazimwinui mtu.

Hatua ya 2: Kusanyeni majina kwa miguu

Fomu ya intaneti peke yake itawaletea vijana wenye simu janja na bando. Iwekeni, lakini kazi kubwa ifanyike bombani, kwenye foleni ya mgao, saluni, kwa kinyozi, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani, na katika masoko ya Wasomali na Waethiopia kule Kakuma 1, sehemu ya kwanza ya kambi.

Swali la "nani msanii bora hapa?" huleta ubishi na majina yale yale. Ulizeni mambo yaliyotokea. Mlipofiwa, nani alikuja kuimba bila kuitwa? Likizo ikifika, nani hukaa na watoto wenu? Nani alichora ile picha iliyo ukutani pa shule, na alilipwa? Mgeni mpya akifika kutoka Bunia au Bujumbura, nani humkaribisha mazoezini? Jina likitajwa na watu watatu wasiojuana, liandikeni.

Kiswahili kitawafikisha mbali kwa Wakongo na Warundi wengi, lakini hakitoshi. Tafuteni wasaidizi wanaozungumza Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kinuer, Kioromo na Kiturkana, na wawepo wanawake kati yao, kwa sababu ziko nyumba ambazo mama hatamweleza mwanamume asiyemjua habari zake. Walipeni wasaidizi hao. Tengeni wiki tatu kwa shughuli hii, na msifunge orodha kabla hamjafika mitaa iliyo mbali na barabara.

Hatua ya 3: Undeni kamati isiyonunulika

Watu saba wanatosha. Wakimbizi watatu wa mataifa tofauti, wenyeji wawili, msanii mmoja mzoefu asiyeshindana, na mtu mmoja wa nje anayejua kazi yenyewe, awe mwalimu wa muziki au mchoraji. Taifa moja au kabila moja lisiwe na wingi wa kura. Wanawake wasipungue watatu. Anayetoa fedha akae pembeni: anaweza kuona hesabu, hapigi kura.

Kila mjumbe aseme mapema nani ni ndugu yake, nani ni wa kanisa lake, nani anamdai. Jina la mtu huyo likifika mezani, mjumbe atoke nje. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku matokeo yanapotangazwa na upande mmoja wa kambi ukaamini umedhulumiwa.

Hatua ya 4: Mtembeleeni msanii, na mlinde anayelindwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nia njema huumiza watu.

Nendeni wawili wawili mumwone msanii akifanya kazi yake katika siku ya kawaida. Zungumzeni na wanafunzi wake bila yeye kuwepo. Kisha kaeni naye na mumweleze mambo manne kwa lugha anayoielewa vizuri, si kwa lugha anayoijua nusu nusu.

La kwanza, tuzo hii haina uhusiano wowote na kuhamishiwa nchi ya tatu. Lisemeni waziwazi, na mlirudie. Kambini habari za kwenda Marekani, Kanada au Australia husafiri haraka kuliko bodaboda, na mtu akiona kamera na fomu anaweza kudhani faili lake limefunguliwa. Wako waliokataa kazi nzuri na waliovunja ndoa kwa kungoja safari isiyofika. Msiwe chanzo cha tumaini la uongo.

La pili, tuzo haitapunguza mgao wake wala haitaongeza. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, chakula kilikatwa vibaya Kakuma na Dadaab, kambi nyingine kubwa za Kenya, na watu wakawa na hofu kwamba yeyote atakayeonekana ana kipato ataondolewa kwenye orodha. Hofu hiyo inaeleweka. Msitangaze kiasi cha fedha alichopewa mtu. Kitajeni katika hesabu za jumla tu.

La tatu, jina na picha. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa bado anatafutwa, au kuna wazazi aliowaacha nyuma watakaosumbuliwa kwa sababu yake. Mpeni nafasi ya kutumia jina la kisanii, kupigwa picha ya mikono tu, au kutotangazwa nje ya mtaa wake. Idhini iandikwe, isomwe kwa sauti, na aelezwe kwamba anaweza kuifuta baadaye. Msichapishe namba ya nyumba, ya kadi wala ya faili. Mtoto hatangazwi bila mzazi au mlezi, na hata mlezi akikubali, jiulizeni kama kuna haja.

La nne, hatadaiwa kusimulia machungu yake. Hapa waandaaji wengi hukosea wakidhani mfadhili hatoi mpaka msanii alie. Mnampa tuzo kwa kazi aliyoifanya. Akitaka kusimulia alikopitia ni hiari yake, na achague yeye wapi na kwa nani. Swali zuri la kumwuliza jukwaani ni lile mnalomwuliza msanii yeyote: wimbo huu uliutungaje, rangi hii umeipataje, ngozi ya ngoma hii imetoka wapi.

Hatua ya 5: Karatasi

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi aliyetambuliwa nchini Kenya haki ya kufanya kazi na biashara. Kwa vitendo, anayetaka kuajiriwa rasmi huomba kibali cha kazi cha daraja M, ambacho ni cha wakimbizi na hakitozwi ada. Uombaji huchukua muda mrefu, na barua ya mwajiri huhitajika. Ndiyo maana katika hatua ya 6 nasisitiza kandarasi iliyoandikwa: ile karatasi humsaidia msanii zaidi ya kikombe.

Anayeishi kambini huhitaji hati ya kutoka. Mkimwalika msanii wa Kakuma aje Nairobi, barua ya mwaliko ifike Idara ya Huduma kwa Wakimbizi mapema, ikitaja tarehe za kwenda na kurudi na nani atamlipia nauli. Msimwambie, "Panda basi tu, utamalizana na askari njiani." Akikamatwa, yeye ndiye atakayelala ndani. Kinyume chake pia, mgeni anayekwenda kambini huomba ruhusa ya kuingia, na kamera huombewa ruhusa yake.

Kwa siku ya sherehe, pelekeni barua kwa mkuu wa kituo cha polisi na kwa chifu. Notisi ya mkutano wa hadhara hutakiwa kufika kati ya siku 3 na 14 kabla. Hata pale sherehe ya kitamaduni isipobanwa na kanuni hiyo, nakala iliyopigwa muhuri humaliza mabishano getini. Mkionyesha filamu hadharani, ipitie kwanza Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB).

Hatua ya 6: Tengenezeni tuzo yenye kazi ndani yake

Gawanyeni tuzo katika sehemu tatu: fedha, kifaa na kandarasi.

Fedha zimfikie mwenyewe moja kwa moja, kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Asiye na laini yake apewe mkononi mbele ya mashahidi wawili na asaini. Msipitishe kwa "msimamizi" wala kwa mume. Na msimpangie matumizi. Akilipa deni la duka, ameanza kupumua, na msanii anayepumua hufanya kazi.

Kifaa akichague yeye pamoja na fundi anayekijua. Kakuma ina joto kali, vumbi na umeme wa kubahatisha. Kinanda cha bei kubwa kinachotaka umeme saa zote kitakuwa pambo la chumba, lakini paneli ya sola, betri na maikrofoni nzuri vinaweza kufungua studio ya mtaa. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu imeshona mavazi ya ngoma nyingi kuliko ile ya umeme. Ulizeni vipuri vinapatikana Lodwar, mji mkuu wa Turkana, au mpaka Nairobi.

Kandarasi ndiyo moyo wa tuzo. Kabla ya sherehe, zungukeni kwa watu wanaohitaji kazi za sanaa bila kujijua: shule yenye kuta tupu, zahanati inayotaka mabango ya kuelekeza wagonjwa katika lugha nne, redio ya jamii inayotaka matangazo, mwenye ukumbi wa harusi, duka la jumla, kiwanda cha fulana. Waombeni waahidi kazi moja moja yenye bei. Kila mshindi aondoke na angalau kazi mbili zilizosainiwa, na malipo ya awali yameshatolewa.

Kuhusu bei, kuna desturi kambini ya kumlipa mkimbizi "insentivu", kiasi kidogo kuliko anacholipwa Mkenya kwa kazi ile ile. Katika tuzo yenu desturi hiyo isivuke kizingiti. Ulizeni mchoraji wa Lodwar au wa Nairobi angedai kiasi gani kwa ukuta kama huo, na mlipe hivyo hivyo. Huwezi kumwambia mtu anathaminiwa huku ukimlipa nusu.

Someni pia kipengele cha hakimiliki kwa makini. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi za maandishi, muziki na uchoraji hulindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada yake. Lakini kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo mkataba useme. Sentensi moja inatosha: hakimiliki inabaki kwa msanii, na mwagizaji anaruhusiwa kuitumia mahali fulani kwa muda fulani. Kisha msaidieni kusajili kazi zake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), apate ushahidi siku wimbo wake utakaposikika kwenye tangazo la mtu asiyemjua.

Mkiwa na shilingi 200,000, mgawo ninaoupendekeza ni huu: 130,000 ziende kwa wasanii na wanagenzi wao (watakaojifunza kazi kwao, tazama hatua ya 7), 40,000 kwa usafiri, chakula na wakalimani, 20,000 kwa ufuatiliaji wa mwaka mzima, na 10,000 zibaki za dharura. Hema na mapambo tafuteni kwa kuazima.

Hatua ya 7: Mfungulieni mlango anayeanza upya

Mshindi akishapatikana, mwombeni achukue wanagenzi watatu hadi watano kwa miezi sita, na mumlipe kwa kufundisha. Amefundisha bure vya kutosha. Nusu ya wanagenzi wawe wakimbizi waliofika karibuni, nusu wenyeji au wakimbizi wa siku nyingi. Mchanganyiko huu unafanya kazi ambayo semina haifanyi: kijana wa Kiturkana na wa Kikongo waliobeba spika moja juani watajuana majina, halafu watajuana nyumba.

Msiwaahidi kwamba wote watakuwa wasanii, kwa sababu kuzunguka jukwaa moja kuna kazi nyingi: fundi wa sauti, mpiga picha za harusi, mshonaji, mchapaji wa fulana, mpishi, mwuza tiketi, dereva wa bodaboda anayebeba vyombo. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na ulikadiria uchumi wa kambi na mji wake kuwa wa dola milioni 56 kwa mwaka. Fedha zipo zinazozunguka. Mwanagenzi afundishwe kuziona: nani ananunua nini, Ijumaa gani harusi huwa nyingi, kodi ya spika ni kiasi gani kwa siku.

Panga masomo kwa maisha yao yalivyo. Mchana Kakuma haifai kwa mazoezi. Tumia asubuhi mapema na jioni, lakini wasichana wafike nyumbani kabla ya giza au wasindikizwe. Mama mwenye mtoto mchanga aje naye, na kuwe na mtu wa kumshika. Siku ya mgao hakuna darasa. Anayejifunza Kiswahili akijifunzie katika kuigiza na kuimba. Mtu anayeona haya kusema sentensi darasani huisema akiwa amevaa nguo za mhusika.

Kuanzia mwezi wa pili, wekeni chama kidogo cha kuweka na kukopa miongoni mwa wanagenzi na mwalimu wao. Kiasi kiwe kile ambacho mwenye uwezo mdogo zaidi anaweza kukitoa kila wiki. Daftari liandikwe na wawili, na kisanduku kiwe na kufuli tatu kwa watu watatu.

Na sasa maneno ya kutia moyo, maana maneno pia ni kazi. "Vumilia, Mungu yupo" mkimbizi amelisikia mara nyingi kuliko mnavyodhani, na mara nyingi kutoka kwa aliyekuwa akimfungia dirisha. "Sahau yaliyopita" ni kumtaka atupe hata ngoma aliyofundishwa na baba yake. Mwambieni jambo analoweza kulifanyia kazi: "Mama Neema, kitenge ulichoshona kimenunuliwa siku hiyo hiyo, kuna mwingine anakitaka Jumanne." Mwiteni kwa jina na kwa heshima ya kwao, mama, baba, kaka, dada, mwalimu. Mwalimu hasa. Mtu aliyekuwa mwalimu Uvira, Kongo, kisha miaka mingi akaitwa kwa namba ya kadi, hunyooka mgongo akiitwa mwalimu tena.

Mazoezi yanaweza kuamsha majonzi. Wimbo wa nyumbani humwangusha mtu ghafla. Msimkatishe na msimlazimishe kuendelea. Kaeni naye, na muwe mmeshajua mapema ni wapi kambini au mtaani anapatikana mshauri nasaha. Kiongozi wa ngoma si tabibu na asibebeshwe mzigo huo.

Wasanii wa nchi nzima nao waiteni, ila kwa kazi. Mwaka 2015 rapa Octopizzo wa Kibera alitoa albamu aliyoitengeneza pamoja na vijana wa Kakuma na Dadaab, na sauti zao zikasikika mbali na kambi. Msanii mkubwa akija kupiga picha na kuondoka, mshukuruni. Akija na saa tatu za kurekodi na jina la kijana likaandikwa kwenye wimbo, huyo ameacha kitu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ianze saa kumi jioni na imalizike mapema. Washereheshaji wawe wawili, mkimbizi na mwenyeji, na wakalimani wakae karibu na wanaowatafsiria. Washindi na familia zao wakae mbele. Mgeni rasmi apewe dakika tano, azungumze baada ya msanii. Hakikisheni majina yameandikwa sawasawa kwenye vyeti, kwa kumwonyesha mwenyewe wiki moja kabla. Kazi zao ziuzwe pale pale, meza zikiwa na bei zilizoandikwa. Chakula kipikwe na wanagenzi au na akina mama wa mtaa kwa malipo. Gari la kuwarudisha wa mbali liwe limelipiwa kabla ya wimbo wa kwanza.

Hatua ya 9: Mwaka unaofuata

Rudini baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Ulizeni kazi ngapi zimelipwa, nani hajalipa, kifaa kinafanya kazi, wanagenzi wangapi wamebaki na wengine wameenda wapi. Aliyeondoka kwa sababu amepata kazi nyingine hesabuni kuwa mafanikio. Mwagizaji ambaye hakulipa afuatwe na kamati, si na msanii. Hesabu zisomwe hadharani mbele ya wale waliowapa majina mwanzoni, kwa lugha zao.

Msikate tamaa matokeo yakichelewa. Abdullahi Mire, aliyekulia Dadaab, alipata Tuzo ya Nansen ya mwaka 2023, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) huwapa wanaowasaidia wakimbizi, baada ya kufikisha vitabu laki moja mikononi mwa watoto wa kambi zile zile alizokulia, na kazi ya namna hiyo haikuanza wala kwisha kwa siku ya tuzo.

Jambo la mwisho la kupanga ni kuondoka. Katika jamii ya wakimbizi, mwalimu mnayemtegemea anaweza kupata safari ya Kanada, kurudi kwao amani ikipatikana, au kuhamia Nairobi kutafuta riziki, na ni haki yake. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza kila darasa liwe na mwalimu wa pili anayelipwa sehemu yake. Vifaa vigawanywe katika orodha mbili: vya msanii binafsi, ambavyo ataondoka navyo bila kuulizwa, na vya kikundi, ambavyo vinabaki. Orodha zisainiwe na mwalimu, wanagenzi wawili na mjumbe mmoja wa kamati, nakala moja ikae kwa kikundi na nyingine kwa kiongozi wa mtaa, na zipitiwe upya kila mwanagenzi mpya anapoingia.